Chai bila maziwa: msafiri na desturi za Kiyahudi za kila siku

Usiku wetu wa kwanza Yerusalemu, baada ya kuku wa kuoka na wali, mama mmoja wa kundi letu aliomba maziwa ya chai. Ni mtu wa Meru, na kwao chai isiyo na maziwa ni ya mgonjwa au ya nyumba iliyoishiwa. Mhudumu akasema hakuna. Mama akadhani hajaeleweka, akakamua ng'ombe hewani kwa mikono miwili. Mhudumu akatabasamu, akatikisa kichwa tena, akamletea kipande cha limau. Meza nzima ikanyamaza. Kisha mzee mmoja akasema kwa sauti ya chini lile ambalo wengine walikuwa wanaliwaza: "Tungekuwa Wazungu, maziwa yangepatikana."

Asubuhi tukakuta majagi ya maziwa yamepangwa, jibini za kila namna, mtindi, mayai, samaki. Nyama haikuwepo hata kipande. Ilipofika Jumamosi, lifti ikawa inasimama kila ghorofa, inafungua mlango, inangoja, inafunga, hata pasipo na mtu. Tulirudi nyumbani na hadithi tatu: hoteli ile inabagua, inabania nyama, na lifti yake mbovu. Hakuna hata moja iliyo kweli, lakini nimezisikia tena kwa mahujaji wa makundi mengine, wa Nairobi na wa Dar es Salaam. Inaniuma mtu akitumia akiba ya miaka kufika mji anaousoma tangu utotoni, halafu arudi na kinyongo kilichotokana na jambo ambalo angeelezwa kwa dakika tano.

Tuanze na maneno, kwa sababu siku hizi habari za vita zimeyavuruga yote. Myahudi ni mtu wa jamii yenye ukoo na dini kwa pamoja. Kwa sheria yao ya jadi, anakuwa Myahudi kwa kuzaliwa na mama Myahudi au kwa kuongoka, na akishakuwa, hata asiposali maisha yake yote bado ni Myahudi. Mwisraeli wa leo ni raia wa nchi iliyoundwa mwaka 1948, na karibu raia mmoja kati ya watano wa nchi hiyo ni Mwarabu, wengi wao Waislamu. Waisraeli wa kwenye Biblia ni uzao wa Yakobo, na si busara kulichukua jina lao na kulibandika juu ya serikali ya leo kana kwamba ni kitu kimoja. Mzayuni ni mfuasi wa itikadi ya kisiasa kuhusu Wayahudi kuwa na nchi yao. Wapo Wayahudi wasioikubali, na wapo Wakristo wanaoishika kwa nguvu. Makala hii haihusu siasa hiyo. Inahusu chai, lifti, mlango na saa.

Tora ni vitabu vitano vya Musa. Talmudi ni mkusanyiko mkubwa wa mijadala ya marabi, yaani walimu wa sheria, uliokusanywa Babeli yapata miaka 1,500 iliyopita. Sheria inayotokana na hivyo viwili huitwa halakha, neno litokalo kwenye kitenzi cha Kiebrania chenye maana ya kwenda. Sisi hatuhitaji kutafsiriwa hapo: kutoka "kwenda" tumepata "mwenendo".

Kuna usemi wa kale wa marabi unaoamuru watu waijengee Tora uzio, na mimi naona ndiyo ufunguo wa karibu kila kinachomshangaza mgeni. Fikiria kisima katikati ya ua wenye watoto. Huishii kuwaambia "msitumbukie". Unazungusha miiba hatua mbili tatu kabla ya ukingo, ili hata anayeteleza aangukie miiba na si maji. Lakini watu lazima wachote, kwa hiyo kwenye miiba unaweka kilango. Kisima ni aya. Miiba ni uzio wa marabi. Kilango ni ujanja halali ambao watu wameubuni ili maisha yaendelee bila kuuvunja uzio.

Sasa turudi kwenye kikombe cha yule mama. Tora inakataza mara tatu, katika Kutoka 23, Kutoka 34 na Kumbukumbu la Torati 14, kumpika mwana-mbuzi katika maziwa ya mama yake. Basi, hicho ndicho kisima chote. Marabi waliuliza kwa nini jambo moja litajwe mara tatu, wakajibu: usipike nyama na maziwa pamoja, usivile pamoja, wala usinufaike na mchanganyiko huo. Kisha wakaja na miiba. Je, mbuzi katika maziwa ya ng'ombe? Hapana. Nyama sasa hivi, maziwa dakika kumi baadaye? Ngoja; wengi hungoja saa sita, wengine saa tatu, na Wayahudi wa asili ya Uholanzi wana desturi ya kungoja saa moja tu. Na kuku je, asiyenyonyesha na asiye na maziwa ya mama? Naye akaingizwa ndani ya uzio, kwa kuwa nyama yake hupikwa na kuliwa kama nyama nyingine, na mtu angeweza kuzoea kuku kwa maziwa kisha akateleza hadi kwa mbuzi.

Kwa hiyo jiko la hoteli inayoshika sheria hii ni majiko mawili. Masufuria mawili ya kila aina, visu seti mbili, sinki mbili, mara nyingi yenye alama nyekundu kwa nyama na buluu kwa maziwa. Asubuhi ni mlo wa maziwa, jioni ni mlo wa nyama. Yule mhudumu asingemletea maziwa hata waziri mkuu. Kati ya pande hizo mbili kuna vyakula visivyo na upande, vinavyoitwa parve: mayai, samaki, nafaka, matunda na mboga. Mzoefu wa safari hizi hubeba maziwa ya soya chumbani, na hapo chai baada ya kuku haina kesi.

Chakula kinachofuata sheria huitwa kosher, neno lenye maana ya kitu kinachofaa. Wengi kwetu huamini kosher ni chakula kilichoombewa na rabi. Sivyo. Rabi haombei nyama. Kazi yake ni kukagua. Nguruwe aliyesomewa dua na marabi mia atabaki nguruwe, na nanasi halihitaji rabi yeyote. Mnyama anayeruhusiwa ni yule mwenye kwato zilizopasuka na anayecheua, vyote viwili. Huchinjwa na mchinjaji aliyesomea, kwa kisu kisicho na pengo hata dogo, kisha nyama hutiwa chumvi ili itoke damu. Samaki lazima awe na mapezi na magamba. Perege anafaa, na ukifika Tiberia, kando ya Ziwa Galilaya, watakuuzia "samaki wa Petro", ambaye ni ndugu wa karibu wa sato na ngege wa kwetu. Sangara naye anafaa, na huko huuzwa kwa jina lenye maana ya binti mfalme wa Naili. Kambare, pweza, ngisi na kamba hawamo.

Hapo ndipo msafiri Mwislamu wa pwani hujiuliza kama kosher ni halali kwa jina lingine. Vinafanana kwa mengi: nguruwe na damu marufuku kwa wote, na kuchinja kuna kanuni. Lakini ngamia na sungura, ambao kwa Waislamu wengi ni halali, si kosher, kwa kuwa miguu yao haikidhi sharti la kwato. Pweza wa nazi wa Lamu hawezi kuwa kosher hata kidogo. Biriani iliyolainishwa nyama yake kwa mtindi, chakula cha heshima kwenye kila harusi ya Mombasa, ingevunja sheria ya maziwa na nyama kwa sufuria zima. Upande wa pili, divai inaweza kuwa kosher, na haitakuwa halali kamwe.

Jambo la wakati ndilo linalonifurahisha kuliko yote, maana hapa msemaji wa Kiswahili anafika akiwa tayari nusu mwenyeji.

Siku ya Kiyahudi huanza jua likizama. Wanaisoma kwenye Mwanzo: ikawa jioni, ikawa asubuhi, siku moja, jioni inatangulia. Watalii kutoka Ulaya huhangaika sana kuelewa kwa nini Sabato ya Jumamosi inaanza Ijumaa. Bibi yangu asingehangaika. Kwake usiku wa Ijumaa ulikuwa ule unaotangulia Ijumaa, na mpaka leo tunasema usiku wa kuamkia. Kila Mwislamu anajua Ramadhani inaingia jioni mwezi unapoonekana, na tarawehe husaliwa kabla ya saumu ya kwanza.

Na saa vilevile. Sheria ya Kiyahudi hugawa mchana katika saa 12 na kuzihesabu kuanzia asubuhi. Ungamo la "Sikiza, Ee Israeli" lapaswa kusomwa asubuhi kabla ya saa tatu kupita. Mwingereza akisoma hivyo lazima apige hesabu. Sisi tunajua ni saa tatu, tunaangalia ukutani. Ndivyo ilivyo hata katika Injili ya Marko, Yesu anaposulubiwa saa tatu na giza kutanda tangu saa sita hadi saa tisa: hesabu ni ya Kiyahudi, na ni ya kwetu. Tofauti ni kwamba saa zao za ibada hupanuka na kusinyaa. Mchana wa Yerusalemu ni kama saa 14 katikati ya mwaka na kama 10 mwezi Desemba, kwa hiyo "saa" moja inaweza kuwa na dakika 70 au 50. Kwetu karibu na Ikweta jambo hilo halijulikani kabisa.

Majina ya siku nayo ni namba. Jumapili yetu kwao ni "siku ya kwanza", na ofisi na shule ziko wazi. Alhamisi kwao ni yom hamishi, siku ya tano. Sikiliza sauti yake uone kwamba Kiarabu na Kiebrania ni ndugu, na kwamba Kiswahili kina "tano" mbili kwenye wiki moja, Jumatano na Alhamisi, kwa kuwa tulichanganya hesabu mbili. Siku ya saba haina namba. Ni Shabbat tu, Sabato.

Msabato wa Kisii au wa Upare anaijua vizuri harufu ya Ijumaa ya maandalio: kupika mapema, kupiga pasi, kuoga kabla jua halijazama. Yerusalemu nzima hufanya hivyo kwa pamoja. Nilisimama soko la Mahane Yehuda saa saba mchana wa Ijumaa na sikuweza kugeuka kwa msongamano. Wauzaji wanapaza sauti, bei inashuka, kila mtu ana mikate miwili iliyosukwa kama nywele, kumbukumbu ya mana iliyoanguka maradufu siku ya sita jangwani. Baadaye vibanda vinafungwa kimoja kimoja, na dakika 40 kabla ya jua kuzama king'ora kinalia mjini kote. Usiogope, si cha hatari. Ni cha kuwasha mishumaa. Mwezi Desemba hulia karibu saa kumi jioni, mwezi Juni karibu saa moja. Kufikia hapo mabasi ya mji yameshasimama na treni ya mjini nayo, na hukaa hivyo hadi Jumamosi usiku. Ukiwa na ndege ya kuwahi, panga usafiri tangu Alhamisi. Mabasi ya upande wa Waarabu, karibu na Lango la Dameski, huendelea, na zipo teksi za pamoja, kama daladala zetu, zinazokwenda Tel Aviv hata Sabato.

Sasa lifti. Watu hudhani Sabato inakataza kuchoka. Hapana. Unaweza kuhamisha meza nzito ndani ya nyumba yako mpaka jasho likutoke, na hujavunja kitu. Ukiwasha kiberiti kwa vidole viwili, umevunja. Marabi waliangalia kazi zilizotumika kujenga Hema la kukutania jangwani, wakahesabu aina 39: kulima, kuvuna, kukanda, kusuka, kuandika, kuwasha moto, kuuzima, kubeba kitu kutoka ndani kwenda mahali pa umma, na nyinginezo. Ni kazi za kuumba na kubadilisha dunia, na siku moja kwa wiki mtu huiacha dunia jinsi ilivyo. Umeme ulipokuja, marabi wengi waliona kuwasha swichi kunaingia humo. Kisima, miiba.

Na kilango ni hiki: jambo lililoanzishwa kabla ya Sabato linaweza kuendelea lenyewe. Lifti hupangwa tangu Ijumaa isimame kila ghorofa, ili mtu aingie na kutoka bila kubonyeza kitu. Taa huwekewa saa ya kujizima. Sufuria la maharage, shayiri, viazi na nyama huwekwa kwenye moto mdogo Ijumaa alasiri na kuliwa Jumamosi mchana, likiwa limeiva usiku kucha. Huitwa hamin au cholent, na mtu aliyelelewa kwa makande atajisikia nyumbani kwa kijiko cha kwanza. Kuna hata waya mwembamba juu ya nguzo unaouzunguka mji, unaokaguliwa kila wiki, ambao kwa sheria unaufanya mji wote uwe kama ua mmoja, ili mama aweze kusukuma kigari cha mtoto na baba abebe ufunguo. Nimewasikia watu wakiuita waya huo unafiki. Mimi sioni hivyo. Asiyeheshimu sheria hahangaiki kukagua waya kila Ijumaa. Angetoka tu na ufunguo wake.

Mbele ya uhai miiba yote huanguka. Mtu akiugua Sabato hata uhai wake ukawa hatarini, simu inapigwa, gari linawashwa, daktari anafanya kazi. Kusita ndiko kunakohesabiwa kosa.

Kwenye mwimo wa kulia wa karibu kila mlango, hata wa chumba chako cha hoteli, utaona kijaluba kidogo, kirefu kama kidole, mara nyingi kimeinama. Ni mezuza. Ndani yake kuna karatasi ya ngozi iliyoandikwa kwa mkono aya za Kumbukumbu la Torati zinazoagiza maneno ya Mungu yaandikwe kwenye miimo ya nyumba. Wenzetu waliiona wakasema hirizi. Wapo Wayahudi wanaoitazama hivyo, siwezi kukana, lakini sheria inaitaka kama ukumbusho kwa anayetoka na anayeingia. Aliyepita chini ya mlango wa kuchongwa wa Mji Mkongwe wa Zanzibar, wenye aya ya Kurani juu yake, ameshaelewa. Usiibandue kuichungulia.

Mambo mengine ya adabu ni mepesi. Kwenye Ukuta wa Magharibi, pale Wayahudi wanaposali Yerusalemu, mwanamume hufunika kichwa, na kofia za kuazima zipo. Wanaume na wanawake husali pande tofauti. Sabato hupigi picha wala huandiki karatasi ya maombi pale. Mwanamume wa dini asipokupa mkono, dada yangu, hajakudharau: hamgusi mwanamke asiye wa familia yake, kama mashehe wengi wa kwetu. Mwezi wa Machi au Aprili, wakati wa Pasaka ya Kiyahudi, mkate hutoweka kwa siku saba na rafu za unga dukani hufunikwa, kwa sababu chachu imekatazwa. Wakati huo Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya Mashariki hawali hata wali na maharage, ilhali wengi wenye asili ya Iraki wanakula, na wote ni Wayahudi wema. Pasaka hiyo haihami majira kama Ramadhani, ingawa miezi yao nayo hufuata mwandamo: huongeza mwezi wa 13 mara 7 katika kila miaka 19, na hesabu inarudi kulingana na jua.

Usifikiri basi kwamba kila Myahudi anaishi hivi. Tel Aviv siku ya Jumamosi ufukwe umejaa na mikahawa mingi iko wazi. Kuna wanaoshika kila mwiba, kuna wanaowasha mishumaa kisha wakawasha televisheni, kuna wasioshika chochote ila wanakusanyika kwa mama yao kila Ijumaa usiku. Wala usifikiri wote ni weupe. Wayahudi wa Ethiopia wako huko kwa maelfu mengi. Mei 1991 zaidi ya 14,000 walisafirishwa kwa ndege ndani ya siku mbili. Na hapa Afrika Mashariki, karibu na Mbale nchini Uganda, wapo Abayudaya, jamii iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, iliyoficha ibada yake Idi Amin alipoipiga marufuku, na ambayo leo inaimba zaburi za Sabato kwa Kiluganda. Kwao jua huzama karibu wakati uleule mwaka mzima, hawana haja ya kuuliza mishumaa ni saa ngapi.

Jumamosi ile, nyota tatu zilipoonekana, tulikuwa ukumbini tukingoja gari. Familia moja ilisimama pembeni kuiaga Sabato. Msichana mdogo alishika juu mshumaa wa tambi nyingi uliosukwa, baba akasoma baraka juu ya kikombe cha divai, kisha wakapitishiana kikopo cha fedha chenye matundu, kila mmoja akanusa, kwa kuwa Sabato ikiondoka moyo huhitaji kitu kizuri cha kuufariji. Yule mama wa Meru alikuwa amesogea karibu sana, kama watu wazima wa kwetu wanavyosogea penye sala. Mke wa yule bwana akamnyooshea kikopo. Mama akainama, akavuta pumzi, akageuka kwetu macho yamemtoka.

"Ni karafuu," akasema.